Nifunge Mwenyewe, Mama

"Waambie hao wageni wako kwamba wiki ijayo hawakuoni tena!"

Nunzia aligeuka, mwavuli wake mwekundu wa kuongozea watalii ukiwa juu. Bi Titina, mama wa mchumba wake, alikuwa anakuja mbio mbele ya Kasri la Kifalme, aproni ya duka lake la pizza za kukaanga bado iko kiunoni. Akitoka dukani na aproni, ujue kuna mtu ataumbuka.

"Mama, niko kazini. Kuna nini?"

"Kazi ipi? Kupiga kelele juani kama muuza samaki? Harusi Jumamosi. Jumatatu uko na mimi kwenye kikaango, kama tulivyokubaliana."

"Tulikubaliana na nani?"

"Na Rafele! Kaniambia mwenyewe umekubali kuacha."

Damu ilimpanda Nunzia kichwani. Kazi hii aliisotea. Alianza kwa kuwashusha wageni kwenye makaburi ya chini ya ardhi kule Sanità, mtaani kwao, mpaka sasa anaaminiwa kuwatembeza Kasri, jumba la opera la San Carlo na ngome ya Maschio Angioino. Majengo ya Napoli aliyapenda kuliko mwanaume yeyote, isipokuwa Rafele.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Rafele huyohuyo.

"Mpenzi, mama anakuja huko. Akiuliza habari za kazi mwambie ndiyo tu, tutayamaliza baadaye. Nakuja mbio. Nakupenda."

Kumbe!

"Mama, kazi siachi."

"Utaacha!"

"Siachi."

Bi Titina alicheka kwa dharau, akanyoosha kidole ng'ambo ya uwanja, kwenye sanamu mbili za farasi zilizosimama mbele ya kanisa.

"Haya. Pita katikati ya farasi wale umefungwa macho. Ukiweza, olewa na mwanangu na kazi yako. Ukishindwa, unavaa aproni."

Wapita njia wakaangua kicheko. Nani Napoli hajaujaribu mchezo huo? Unaanzia mlangoni pa Kasri, unatembea ukiapa umenyooka, na nafasi ile inapitisha hata basi. Lakini uwanja umeinama kijanja, na ukifungua macho unajikuta pembeni huko unachekwa. Nunzia alikuwa ametoka kuwaeleza hayo wageni wake kutoka Poland.

Alivua skafu shingoni, akamkabidhi Bi Titina.

"Nifunge mwenyewe, mama. Usije ukasema nilichungulia."

Bi Titina alifunga, tena kwa nguvu. Nunzia akaanza kutembea, na watu nao wakaanza fujo zao.

"Kushoto!"

"Kulia, dada!"

"Rudi nyumbani ukapike!"

Halafu ikaja sauti anayoifahamu, ikihema.

"Nunzia! Kulia kidogo, mpenzi! Nisikilize mimi!"

Akasimama.

"Rafele?"

"Ndiyo, nipo. Njoo kulia, unapotea."

"Nani alimwambia mama yako kwamba naacha kazi?"



"Nilitaka amani tu. Unamjua mama, ana presha..."

"Umenificha mambo mpaka wiki ya harusi, leo ndiyo unataka kunionyesha njia?"

Aliing'oa skafu. Ni kweli, alikuwa amepotea vibaya, farasi wako kule, yeye huku. Bi Titina akapiga makofi.

"Umeshindwa, binti! Kikaango kinakusubiri!"

"Sijamaliza kutembea."

Nunzia akageuka, akaenda macho makavu mpaka katikati ya farasi, akapita, akatokea upande wa pili. Akainua mwavuli juu kama anavyowaita wageni wake.

"Nimepita! Nimepita naona ninakokwenda, na kazi yangu ninayo! Rafele, kama unanitaka, njoo huku useme ukweli watu wasikie. Kama hunitaki, baki na mama yako mkaange pizza!"

"Rafele, thubutu!" Bi Titina alifoka.

Rafele alimgeukia mama yake.

"Mama, nilikudanganya. Nunzia hajawahi kusema ataacha. Niliogopa kukwambia, na kukuogopa nimechoka."

Akavuka uwanja. Wale wa Poland walishangilia japo hawakuelewa hata neno moja. Alipofika alifungua mikono, lakini Nunzia hakumkumbatia.

"Ukinisemea tena nisichosema, pete unaichukua."

"Sikusemei tena. Naapa."

"Shika mwavuli. Wageni wangu wamesimama juani."

Akaushika, akamfuata nyuma mchana kutwa.

Jumamosi walifunga ndoa kanisani palepale, nyuma ya farasi. Bi Titina alikuwa amenuna wiki nzima, lakini alikuja, kofia yake ya manyoya inaonekana kabla yake. Maharusi walipotoka walimkuta kwenye ngazi amezungukwa na watalii, anaonyesha kidole uwanjani.

"Hakuna anayepita pale amefungwa macho. Hakuna! Mkwe wangu tu! Nilimfunga kwa mikono yangu hii, akanyooka kama mshale!"

"Mama," Nunzia aliita kutoka juu, "nilipita macho wazi!"

"Nyamaza! Bibi harusi hasemi."

Rafele alimshika mkewe mkono.

"Huyu anasema, mama. Ndiyo kazi yake."