Kijiti cha Mjomba

Mshona viatu wa jirani na karakana ya useremala anasema aliona kila kitu. Anasema binti alikuwa akicheka na wapita njia, akapeleka mkono kwenye msumeno wa mashine kama anayechota maji ndooni. "Mabinti na mashine, wapi na wapi!" husema, na kila akisimulia, binti huongezewa kicheko.

Uongo mtupu. Binti hakuwa akicheka. Alikuwa akipasua kipande kifupi cha ubao, midomo ameibana, mjomba wake amempa mgongo akipiga randa. Mashine ikabadili sauti. Mjomba alipogeuka, vidole viwili vya mkono wa kulia wa binti havikuwepo.

Watu walimwita mjomba huyo Fundi Kimya. Dada yake, mjane, ndiye aliyemletea binti ajifunze useremala. "Mfundishe kama wako," alimwambia. Fundi akamfundisha kama alivyofundishwa yeye: bila maneno. Binti akiuliza, hujibiwa, "Macho unayo ya nini?" Mwishowe akaacha kuuliza.

Hospitalini, nesi alimfunga mkono taratibu.

"Kipande kifupi hivyo, mbona ulikisukuma kwa mkono?"

"Kijiti cha kusukumia ni cha mjomba," binti alinong'ona. "Chombo cha fundi hakiguswi."

Fundi, aliyesimama mlangoni, akapapasa mfuko wa aproni yake. Kijiti hicho hukaa humo. Kila siku hukitumia kusukumia mbao. Hakuwahi kusema ni cha nini. Kumbe mtoto alikuwa akimheshimu.

Nesi akamvuta pembeni.

"Mzee, ulimwambia?"

"Si alikuwa akiniona?"

"Aliona kijiti. Hatari hakuiona. Anayejifunza mwambie sababu, kisha mwache akueleze yeye alivyoelewa. Akiuliza, usimkate. Anayeogopa kuuliza ataumia huku unamwangalia."

"Nami nilifundishwa hivi hivi, nesi."

"Na vidole unavyo vyote?"

Fundi akaficha mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo.

Jeraha la binti lilifunga, lakini hakurudi karakana. Baadaye kijana mwingine aliletwa na baba yake. Safari hii Fundi alizima mashine kwanza, akamketisha. Maneno yalimtoka kwa shida, kama misumari yenye kutu.

"Kijiti hiki ni chako. Mkono wako usikaribie meno ya msumeno. Haya, niambie, kwa nini?"

"Sina hakika, fundi. Nikikosea je?"

"Kosea kwa mdomo, usikosee kwa mkono."

Kijana akajaribu, akakosea, wakarudia. Hata akazoea kusema, "Hapo sijaelewa, fundi," bila kuinamisha kichwa.

Siku moja ubao wenye fundo ulinasa kwenye msumeno, ukaruka. Kijiti kikakatika vipande. Mkono wa kijana ulikuwa mbali, mzima. Fundi alipiga magoti kwenye maranda, akaokota vipande vya kijiti.

"Fundi Kimya siku hizi kawa redio!" mshona viatu alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Hata mbao zinamkimbia!"

Hakuna aliyecheka.

Jioni ile Fundi alikwenda kwa dada yake. Dada alimwonyesha kiti, hakumsalimia. Binti alikuwa akimvalisha mdogo wake shati. Kifungo kilimteleza. Akakijaribu tena, kwa mkono wa kushoto.

"Rudi karakana, mama," Fundi alimwambia binti. "Kazi bado unaiweza. Nitakueleza kila kitu, nawe uniulize mpaka nichoke. Ukitaka kunitukana, anza na hilo."

Yule mdogo alisimama wima, kidevu juu, akingoja kuvalishwa. Dada alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. Binti alifaulu kukifunga kile kifungo. Akashika cha pili.