Dirisha la Dobi

Dirisha lilikutwa wazi tena, na mvua imelowesha mashati ya watu.

"Nililifunga kwa komeo," alisema Dobi. "Mama Kinda, hukuniona?"

"Nilikuona, mume wangu."

Mvua zilikuwa hazikatiki. Nguo hazikauki uani, kwa hiyo Dobi alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga kamba juu yake na kupanga pasi pembeni. Mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi, na katika nyumba ile kisicho na moshi hakina neno. Nani aliwahi kuwaambia vingine? Hakuna. Kuogopa majini na mashetani ndiko walikofundishwa, na somo hilo lina walimu tele.

Na dalili zilikuwepo. Kila jiko lilipowaka, vichwa viliwagonga, miguu ikawa kama ya kuazima. Kinda, mtoto wao aliyeanza kutambaa, alilala tu, akiamshwa anatapika. Na kila waliposinzia, komeo lilikwaruzwa taratibu, kama na mtu apapasaye gizani, kisha dirisha likafunguka kwa kishindo, harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba, na siku moja Mama Kinda, aliyekuwa amejilaza na kichwa kizito kama jiwe, aliona vidole virefu vya kijivu vimeshika fremu, vinatetemeka, akabaki kuvitazama mpaka vikajiondoa kimoja kimoja.

"Linamtaka mtoto," alinong'ona mama mkwe wake, mama yake Dobi. "Mkisinzia tu, hilo!"

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mganga yupo."

Mganga alikuja na mwavuli mbovu na kiburi kizima. Alinusa pembe zote, akatema mate huku na huku, akapigilia mbao dirishani kwa nje, kisha akaagiza hata nyufa za mlango zizibwe kwa matambara.

"Haliingii tena," alisema.

Kweli, halikuingia.

Kesho yake Mama Kinda alipeleka nguo kwa wateja. Mtoto alimwachia baba yake, asije akalowa. Aliporudi, mlango ulikuwa mgumu kwa matambara yale. Akausukuma kwa bega. Ndani mlikuwa na joto zuri, na kimya. Dobi alikuwa amelalia meza ya pasi. Kinda alikuwa amejikunja miguuni pa baba yake, kama mtoto aliyeshiba.

"Si jini, dada," muuguzi wa zahanati alimwambia kwa upole. "Ni hewa ya mkaa. Haionekani, hainuki. Jiko ni la nje. Hata dirisha tu lingekuwa wazi..."

Walipotoka makaburini, Mama Kinda alizunguka nyuma ya nyumba. Mbao zilikuwa zimechimbwa kwa nje, zimekwaruzwa juu hadi chini, misumari imepindwa, na matope ya viganja virefu yametapakaa ukuta mzima, kiganja juu ya kiganja, kama vya mtu aliyegonga na kugonga asifunguliwe.

"Usiguse!" mama mkwe alinong'ona nyuma yake. "Mwanangu, lingali hapa!"

Mama Kinda alishika ubao, akavuta. Ukang'oka upesi kuliko nguvu zake, kana kwamba mikono mingine ilivuta pamoja naye. Karibu na bega lake kitu kikaanza kulia, kwa sauti isiyo ya mwanadamu.

"Nyamaza," alikiambia, bila kugeuka. "Nyamaza, ndugu yangu. Ulijitahidi."