Posa Yenye Masharti Manane

"Sharti la nne," akasoma ami Mundhir. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena.

"Soma, Mundhir," shangazi Mawadda akamhimiza. "Kwani limeandikwa Kichina?"

"'Mume atakuwa na uhuru wa kutojiunga na mipango ya ukoo wa mke, ya sasa au itakayokuja, mpaka aridhie mwenyewe kwa maandishi.'"

"Lo! Hii posa au mkataba wa kukodi gari?"

Mimi nilikuwa jikoni, birika la chai mkononi, masikio yote sebuleni. Wazee walioleta barua ya Ghanim walishakula halua na kuaga. Wiki nzima nilikuwa sikai wala sisimami kwa furaha.

Yalikuwa masharti manane. Asikae nyumba moja na jamaa zangu. Asishirikishwe vikao vya ukoo. La sita ndilo lililonimaliza.

"'Ndoa itaangaliwa upya baada ya miaka miwili.'"

"Hilwa!" ami akaita. Tangu baba afariki, yeye ndiye walii wangu, wa kuniozesha. "Njoo hapa. Huyu Ghanim wako kazi yake nini hasa?"

Nilijua, ila aibu kusema. Ghanim ni mtoto wa Waunguja, kazaliwa Leicester. Miaka kumi aliandika hotuba na vipeperushi vya chama kisichotaka Uingereza ifungamane na Ulaya. Brexit ilipopita, Uingereza ikajitoa, alisherehekea, kazi ikaisha, akaja huku Dubai kuandika matangazo ya nyumba. Tulijuana mtaa wa Al Barsha, kwenye hoteli ninayofanya kazi mapokezi. Wanaume wengine wanakusimulia mpira, huyu wangu ananisimulia Ulaya.

"Tatizo si biashara, Hilwa," alikuwa akiniambia. "Tatizo kila mwaka wanaongeza kitu kidogo. Leo soko, kesho sheria, keshokutwa sarafu moja. Ukizinduka, kwako anaamua mtu wa Brussels usiyemchagua."

Nami nikicheka tu, napenda sauti yake. Mjinga mimi!

Nikajifungia chumbani nikampigia Jecinta, Mkenya ninayefanya naye kazi. Nikamsomea yote.

"Woi! Huyo jamaa ni Brexit mpaka kwa mapenzi! Kwani wewe ni Ulaya?"

"Usinichekeshe, nimeudhika."

"Sikuchekeshi, my dear. Muulize. Na umuulize leo, si kesho."

Nikamwandikia Ghanim: "Umeandika nini kwenye ile barua?"

"Tahadhari tu, habibti. Wallahi hakuna ubaya."

"Njoo. Sasa hivi."

"Nakuja. Na mimi nina jambo. London wamenipigia."

Tukakutana kwenye mkahawa wa chai ya karak chini ya jengo letu, jua la alasiri bado kali. Hata kikombe sikukigusa.

"London wanataka nini?"

"Serikali inataka kuisogelea Ulaya tena, kidogo kidogo. Chama kinanitaka nirudi, tuipinge. Mwaka mmoja. Wanataka jibu kesho saa kumi."

"Na mimi ungenambia lini?"

"Nikishaamua."

Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

"Ghanim, yale masharti umeyatoa wapi?"

Akazungusha kikombe. "Wewe hukukulia kwetu. Ami zangu watatu waliamua kila kitu. Nisome nini, tuishi wapi. Baba akiitikia tu. Dada yangu kamwona mumewe siku ya harusi. Analia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Nikaapa kwangu haitakuwa hivyo."

"Maskini dada yako. Na mimi, ulipokaa kuandika masharti manane, uliniuliza?"

Akakisogeza kikombe pembeni.

"Miaka kumi unapiga kelele watu wasiamuliwe na wasiowachagua. Mimi nimekuchagua, na bado umeniamulia!"

"Nilitaka tu nijue mlango uko wapi, mambo yakiharibika."

"Mlango dini imeshauweka, talaka ipo. Wewe umeung'oa ukaja nao kwenye posa! Siasa zako baki nazo, zipigie kampeni mpaka sauti ikukauke, mimi hazinikeri. Lakini mimi si Brussels, Ghanim. Mimi ni Hilwa."

Nikainuka. Hakunifuata, na hilo likaniuma kuliko barua yenyewe.

Asubuhi ami alikuwa keshaweka barua kwenye bahasha mpya. "Inarudi kama ilivyokuja. Khalas."

"Ami, naomba nijibu mimi."

"Wapi umeona mwari akajibu posa yake?"

"Na wapi umeona posa ya aina hii?"

Shangazi akaangua kicheko. "Mpe, Mundhir. Anayeolewa si wewe."

Nikachukua kalamu. Nikakata masharti saba, mstari mmoja mmoja, karatasi nusura ichanike. La nane nikaliacha: "Mambo ya nyumba yetu yataamuliwa ndani ya nyumba yetu." Chini yake nikaongeza: "na watu wawili." Nikapiga picha, nikamtumia, nikaenda kazini.

Tiki mbili za buluu, kasoma.

Saa tano, kimya. Saa saba, kimya. Kila simu ikitikisika mezani naruka. Nikampa mgeni Mjerumani ufunguo wa chumba chenye mtu, akarudi mwekundu kama nyanya. Jecinta akanisogeza pembeni. "Wewe kaa hapa, usiguse kitu." Nilimpenda yule mwanamume, jamani, hasira na yote, na ndege yake naiona inapaa bila yeye kusema neno.

Saa tisa na nusu, ujumbe.

"London wananingoja. Niende, au nibaki? Sijawajibu. Nakuuliza."

Nikaingia stoo ya mizigo nikalia katikati ya masanduku ya watu. Kumbe kuulizwa ni kutamu, kujibu ndiyo kazi. Nikampigia.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kwenda. Na nakutaka wewe. Nimechanganyikiwa."

"Mimi sitaki uende. Nasema wazi. Lakini sitaki pia mume wa kukaa hapa anatazama habari za London na kuninunia. Waambie utawaandikia ukiwa Dubai."

"Wakikataa?"

"Uende au usiende, mimi nimeshasema langu. Sema lako."

Nikasikia anavuta pumzi. "Wakikataa, nabaki. Na nikinuna, nitakwambia nimenuna."

"Tumeamua?"

"Tumeamua."

Saa kumi na dakika tano akaandika: "Wamekataa. Nimebaki. Na leo nimenuna kidogo."

"Nuna," nikamjibu. "Nakuja tunune wote."

Wiki tatu baadaye, posa ya sharti moja imeshakubaliwa, nyumba imejaa watu na udi. Ami Mundhir akaja chumbani na mashahidi wawili kuniuliza kama nimeridhika kuozwa Ghanim. Kwetu mwari hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa ndiyo. Shangazi akaniminya mkono nitulie.

"Nimeridhika!" nikasema, kwa sauti ya kufika sebuleni, na huko kati ya wazee nikamsikia Ghanim anacheka peke yake.