Kete Nzuri Mno

Simu ilitetemeka Sindano akiwa ghorofa ya tatu, mgongo ukutani, bastola ya Glock mkononi.

Akaitazama.

Mama Mkwe amecheza drafti yake. Amelisha kete mbili kwa mpigo ili apate kingi. Kingi imetua kwenye kona, na kona hiyo, kwa lugha yao ya siri, ina maana moja: nimo ndani, chumba cha mwisho kulia, njoo unitoe.

Sindano akatabasamu. Halafu tabasamu likamkauka.

Kete ilikuwa nzuri. Nzuri mno.

Mama Mkwe alikuwa jasusi mwenzake, aliyepandikizwa kwa wafanya magendo ya silaha. Jina alipewa na Idara kwa sababu hakuna alichokitazama akakosa la kusema. Drafti ya kwenye simu ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kuzungumza na Sindano. Na alicheza vibaya huyo mama! Kushinda alishinda, lakini kwa kubana, kuchuna, kunyonga. Sindano akimtegea mtego wa kupendeza, anaandikiwa: "Baba, unacheza au unajipamba? Kula tukalale."

Tangu mvua zianze, mama akabadilika. Akaanza kulisha kete kwa madaha, akipita katikati ya ubao kama bibi harusi. Matusi yakakoma. Sindano, katika nyumba yake yenye kiti kimoja, alicheka kwa sauti. Alifikia hatua ya kunyoa ndevu kabla ya kufungua mchezo.

Hakujiuliza kitu.

Sasa, pale kwenye ngazi za jengo la wafanya magendo, akajiuliza.

Akasogeza kete kijinga kabisa, ikaacha njia mbili za kuliwa. Ya kwanza: unakula moja, Sindano anabanwa, mchezo umekwisha hapo hapo. Ya pili: unaruka tatu, uzuri wa kumtoa mtu machozi, lakini Sindano bado anapumua.

Mama Mkwe angekula moja akalale.

Simu ikatetemeka.

Tatu. Zimefagiwa.

Sindano akakaa chini kwenye ngazi, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akabonyeza redio.

"Mkuu. Huyu siye."

"Siye vipi? Mashine yetu imeupima mchezo wake, imesema ni yeye."

"Mashine yenu imewahi kutukanwa naye?"

"Sindano, usinianze."

"Aliomba atolewe kule. Ukasema tusubiri kikao."

"Hayo yalishapita."

"Kwenu."

Akakata.

Akapanda ghorofa moja. Akafunga kamba kwenye bomba, akateremka nje ya jengo mchana kweupe. Bomu la kishindo likatangulia dirishani mwa chumba cha mwisho kulia. Yeye akafuata.

Bunduki mbili za AK zilikuwa zimeelekezwa mlangoni, zikimsubiri.

Risasi mbili. Wawili chini.

Wa tatu alikuwa na kompyuta ya mapajani na mikono juu.

"Yuko wapi?"

"Kaka, mimi fundi tu wa mashine."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Alikufa. Kabla ya mvua. Hawakumtoa neno." Fundi akaielekezea kompyuta kidevu. "Tukachukua michezo yake, tukaifundisha mashine, ikaing'amua na lugha yenu ya siri. Lakini alikuwa anacheza vibaya, kaka. Tukaogopa utachoka. Kwa hiyo tukamrembesha kidogo."

"Mkamrembesha."

"Mashine inajua macho ya watu yanapenda nini. Na wewe ulipenda. Si ulipenda?"

Sindano akaigeuza kompyuta imwelekee. Kwenye kioo chake kulikuwa na mbao nyingine za drafti. Mlinzi wa ghala la silaha. Rubani wa serikali. Bosi wa bandari. Kila mmoja chumbani kwake, kila mmoja na rafiki asiyemjua sura, akisubiri kete yake nzuri ya siku. Jioni hii, kwa ratiba iliyoandikwa chini ya kila ubao, rafiki angewaomba wafungue milango, nao wangefungua. Mabwana wa nje ya nchi, waliowatuma wafanya magendo hawa, hawakuhitaji jeshi. Walihitaji watu walioachwa peke yao na nchi yao wenyewe, na sisi wa namna hiyo tumejaa tele.

"Ukiizima, naye anakwenda," fundi akasema taratibu. "Unaweza kubaki naye, kaka. Hata matusi tunaweza kumwekea."

Sindano alifikiri.

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa jasusi.

Kisha akamimina risasi zote zilizobaki ndani ya ile kompyuta, na katika mtambo uliokuwa ukinguruma nyuma yake, mpaka chumba kikanyamaza. Mbao zote zikafa pamoja.

Akamfunga fundi pingu kwenye bomba. Akashuka ngazi bila haraka.

Redio ikakoroma.

"Sindano! Umempata Mama Mkwe?"

"Amekufa, Mkuu. Siku nyingi."

Mtu akakohoa upande wa pili.

"Sasa nani alikuwa anacheza na wewe muda wote huu?"

"Hakuna mtu."

Akazima redio, akafunga vifungo vya koti, akaingia katikati ya watu.