Diski ya Chiriku

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo vya asubuhi, Injinia alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusu mtu mwingine kuigusa. Aliifunua kompyuta ya sebuleni, akapangusa vumbi kwenye kioo na kibodi, kisha akaanzisha programu ya kukagua virusi. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani na ilichoka upesi. Ukaguzi ukiendelea ilinguruma mpaka alasiri, na nyumba nzima ilijua kwamba muda huo hakifunguliwi kitu kingine. Hiyo ilikuwa sheria ya Injinia mwenyewe, na sababu yake aliijua yeye tu.

Jina hilo alipewa na baba yake alipokuwa darasa la nne, siku alipoifufua printa iliyowashinda watu wazima wawili. Sasa alikuwa darasa la sita, na alilipenda kuliko jina aliloandikiwa shuleni. Mgeni akija na simu iliyogoma, mama aliita, "Injinia, hebu njoo!" Naye alikuja mbio, huku akijifanya hana haraka.

Lakini wiki mbili zilizopita mdogo wake, Chiriku, aliimba peke yake kwenye siku ya wazazi shuleni, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Muuza duka, aliyemjua Injinia tangu anajifunza kutembea, sasa alimwita "dada yake Chiriku." Jirani mmoja alimsimamisha njiani; Injinia akadhani anataka kutengenezewa simu, kumbe anauliza Chiriku ataimba lini tena. Hata mama yao, aliyezoea kuitwa Mama Injinia, watu walianza kumwita Mama Chiriku. Injinia aliona wivu. Tusimfichie: aliona wivu kweli kweli.

Jumamosi hiyo baba yao, dereva wa lori, alikuwa nyumbani. Siku ya wazazi ilimkuta safarini, na kesho yake alfajiri angeondoka tena kwa wiki tatu. Kwa bahati, asubuhi hiyo hiyo Mama Picha, mpigapicha wa mtaa, alileta DVD ya sherehe. Mama hakuweza kungoja alasiri. Aliiingiza kwenye kompyuta, na wote wakasogeza viti.

Chiriku akatokea kwenye kioo, akafungua mdomo, akaganda. Picha ikakatikakatika vipande vya mraba, ikaruka mbele, ikaganda tena. Wimbo nao ulitoka kwa kigugumizi.

"Injinia, kuna nini hapa?" baba aliuliza.

Injinia alijua papo hapo. Ukaguzi wa virusi ulikuwa bado unaendelea, na kompyuta ile haikuweza kubeba kazi mbili kwa pamoja. Kubofya mara moja tu kungetosha kuusimamisha. Alimtazama baba yake, aliyeinama mbele kwa hamu ya kumwona Chiriku. Chiriku tena, kila siku Chiriku!

"Diski ndiyo mbovu," alisema. "Imerekodiwa vibaya."

"Jaribu kidogo, dada," Chiriku alimsihi. "Wewe hushindwi."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hakurudi nyuma. Alitoa diski akaipuliza, akairudisha. Akazima spika, akaziwasha. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika.

Mama akampigia simu Mama Picha, naye hakukawia kufika, kamera ikining'inia shingoni.

"Kazi gani hii, mwenzangu?" mama alimuuliza kwa ukali. "Mtoto wangu anaonekana kama amekatwakatwa kwa mkasi!"

"Mama Injinia, niliitazama kwangu kabla ya kuileta. Ilikuwa safi."

"Injinia anasema imerekodiwa vibaya, na yeye ndiye anayeyajua mambo haya. Nitamwambia mwalimu mkuu. Mwaka ujao watafute mtu mwingine."

Mama Picha alishusha pumzi. "Na kwenye kamera nimeshaifuta, nimerekodi harusi. Nakala ni hiyo moja tu." Akamgeukia msichana. "Una hakika, mwanangu?"

Injinia aliangalia vidole vyake vya miguu, akaitikia kwa kichwa.

Hapo baba akatoka bafuni na dawa ya meno mkono mmoja, brashi ya viatu mkono wa pili. "Madereva wenzangu huzisugua hivi," alisema. "Mikwaruzo yote huisha." Akaitoa diski kwenye kompyuta, akaiminyia dawa.

Injinia alijua brashi ile ingeichuna diski isifae tena. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, machozi yakimlengalenga, bila kumlaumu mtu.

"Baba, usisugue!" Injinia alipiga kelele. "Diski ni nzima. Nimesema uongo."

Baba akashusha brashi, akampa diski. Injinia alisimamisha ukaguzi, akaisafisha diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akairudisha. Chiriku akaimba mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Baba alipangusa machozi kwa mkono uliokuwa bado na dawa ya meno, macho yakamwasha, ikawa vigumu kujua analia kwa sababu ipi.

Kisha kamera ikageukia watazamaji. Wote walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Katika safu ya pili msichana mmoja alikuwa ameketi, amekunja mikono, mdomo ameuvuta mbele. Picha ilikuwa safi hata vifungo vya shati lake vilihesabika.

"Alikuwa na njaa," Chiriku alisema haraka.

Injinia hakuweza kucheka. "Sikuwa na njaa. Nilikuonea wivu, na hata leo pia." Akamgeukia mpigapicha. "Nisamehe, Mama Picha. Nimekuchafulia jina bure."

"Na mimi nisamehe, mwenzangu," mama aliongeza kwa aibu.

"Yameisha," alisema Mama Picha. "Wivu hata mimi huniingia nikimwona mwenzangu ana kamera mpya. Ukikuingia, mwanangu, useme mapema kwa mtu anayekupenda. Ukiuficha utakusemesha uongo, na uongo wako utamwadhibu mtu asiye na kosa. Leo nusura niwe mimi."

Baba aliomba picha irudishwe mwanzo, na Injinia akairudisha. Ilipofika kwa watazamaji, Chiriku alinyoosha kiganja akaufunika ule uso ulionuna. Injinia akauondoa mkono wake taratibu.

"Usishike kioo," alisema. "Nimekipangusa asubuhi."