Karatasi Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Kulikuwa na amani nyumbani kwa Joram, nawaambia, Jumapili ile ya mwanzo wa mwaka 1988. Miwa ya shamba lake hapo Awasi ilikuwa imekatwa na kupelekwa kiwandani. Watu walikuwa wametoka kanisani, wamekula, wameshiba. Mezani, chini ya kitambaa alichokifuma mkewe Dorca kwa mkono wake, kulikuwa na barua. Binti yao Lornah, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, aripoti mwezi wa tano. Joram alikuwa ameisoma barua hiyo mara nne, na kila mara aliirudisha chini ya kitambaa kana kwamba analaza mtoto.

Ndipo Peugeot nyeupe ikaingia uani na kuwatawanya kuku.

Aliyeshuka alikuwa Walter, kaka yake Dorca, mwenye ofisi ya uhasibu mjini Kisumu, ghorofani juu ya duka la nguo. Mlangoni pa ofisi hiyo paliandikwa "Walter na Washirika". Washirika hao hakuna aliyewahi kuwaona, na hakuna aliyewahi kuuliza wako wapi. Likumbukeni jambo hilo, kwa maana shida yote ya nyumba hii imo humo.

Walter alikula, akanawa, akaisoma barua, akacheka kidogo. Alisema ualimu ni kazi nzuri kwa asiye na mtu, lakini Lornah ana mtu. Aje kwake ajifunze uhasibu kazini, jioni asome na kufanya mitihani, na baada ya miaka minne atakuwa mhasibu kamili mwenye kibali. Kula chaki kijijini awaachie wengine.

Joram alitaka kuuliza. Alitaka kujua kama kutakuwa na maandishi ya makubaliano, na kama shemeji yake mwenyewe ana kibali cha kufundisha watu kazi hiyo. Badala yake alimwongezea shemeji yake chai. Ninyi wa huku mnayajua mambo ya ukweni. Mwanamume hamhoji ndugu ya mkewe. Humpa kiti kizuri, humpa firigisi, halafu hunyamaza.

Gari lilipoondoka alijaribu kwa mkewe.

"Mama Lornah, si tungemwomba karatasi kidogo tu? Hata ya kuonyesha tumekubaliana."

"Karatasi?" Dorca akaacha kufuta meza. "Ndugu yangu wa tumbo moja, na wewe unataka karatasi? Watu watasema Joram anapeleka wakwe zake kortini. Hiyo maneno iishe hapa."

Yakaisha. Nafasi ya chuoni ikapewa mwingine.

Sasa nisije nikamsingizia Walter. Kazi aliijua, na alimfundisha Lornah vizuri. Siku ya kwanza kabisa alimwambia, "Nyar nyaminwa, binti ya dada yangu, shika hii moja. Usiamini mdomo ya mtu. Amini karatasi. Kama hakuna karatasi, hakuna kitu." Lornah aliishika mpaka ikawa tabia. Mzee mmoja mwenye hoteli, Dalmas, alirudishwa mara tatu kwa sababu ya risiti ya gunia la maharagwe, hata akawa anamwita Lornah "askari" kila anapopanda ngazi. Msichana huyu hakuwa mjinga, jamani. Msije mkadhani hivyo.

Kila mwanafunzi wa kazi hiyo ana kitabu cha mafunzo. Cha Lornah kilikuwa na jalada la kijani. Kila Ijumaa aliandika kazi alizofanya wiki hiyo, na pembeni palikuwa na nafasi mbili: moja ya sahihi ya mhasibu anayemfundisha, nyingine ya namba ya kibali cha mhasibu huyo. Bila miaka mitatu iliyotiwa sahihi, unaweza kufaulu mitihani yote duniani na kibali usipewe.

Walter hakutia sahihi Ijumaa ya kwanza, wala ya pili. "Iweke tu kwa kabati," alisema. "Nitasaini zote pamoja."

Mwaka ukapita, na mwingine. Lornah aliishi nyumbani kwa mjomba wake, akapika, akapiga pasi sare za watoto wake, akapewa posho ya kununua sabuni na soksi. Nyumbani alimwita Nera, yaani mjomba. Ofisini alimwita Bwana Walter. Na hapo ndipo alipofungiwa. Akiuliza juu ya kitabu ofisini, alijibiwa na mjomba: tutaongea nyumbani, mtoto wetu, usiwe na haraka. Akiuliza nyumbani, alijibiwa na bosi: mambo ya ofisi hayaletwi mezani. Alipomlalamikia mama yake, aliambiwa subira huvuta heri. Nakasirika hata ninaposimulia.

Anyango, msichana wa jirani aliyeitwa chuo mwaka ule ule, alikuwa ameshahitimu na kuajiriwa, ana baiskeli, amemwezekea mama yake nyumba ya mabati. Lornah alipokwenda nyumbani Krismasi alipita njia ya nyuma ili asikutane naye. Si kwamba Anyango angemcheka. Angemuuliza tu anaendeleaje.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Ukutani nyuma ya kiti cha Walter, juu sana, kulitundikwa karatasi kwenye fremu nyeusi. Wateja waliiona wakaridhika. Lornah ndiye aliyeifuta vumbi kila Jumatatu akiwa amesimama juu ya kiti, na alikuwa ameisoma. Ilisema kwamba Walter alihudhuria semina ya siku tatu Nakuru mwaka 1979. Basi, hakuna zaidi. Lornah alijiambia cheti chenyewe bila shaka kiko nyumbani sandukuni, mahali salama. Yule yule aliyemrudisha mzee wa watu mara tatu kwa sababu ya maharagwe.

Mwishoni mwa 1992 alifaulu mtihani wake wa mwisho. Machi iliyofuata, kampuni moja mjini ikamwita: kazi ipo, lete kitabu kilichotiwa sahihi. Walter alisema muhuri wake uko Nairobi. Wiki ya pili alisema ana malaria. Wiki ya tatu nafasi ilikuwa imepata mtu. Lornah aliteremka ngazi, akasimama nyuma ya duka la nguo, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma, kisha akapanda tena kumalizia kazi ya siku.

Mwezi wa saba akasikia kwamba Nabwire, mama mmoja mhasibu aliyekuwa na ofisi yake karibu na stesheni, anatafuta msaidizi. Safari hii Lornah aliweka kitabu mbele ya Walter, akaketi, akakataa kuondoka. Walter alichukua kalamu, akatia sahihi kurasa za miaka mitano alasiri moja. Nafasi za namba aliziacha wazi.

"Namba watajaza wenyewe huko," alisema.

Nabwire alikifungua kitabu, akapekua kurasa kumi, ishirini. "Namba yake iko wapi?"

"Alisema mtajaza."

Nabwire akakifunga polepole. Akamweleza, na kusema kweli alimweleza kwa huruma. Walter alifanya mtihani wa sehemu ya mwisho mara tatu akaanguka, akaacha mwaka 1981. Kibali hajawahi kuwa nacho. Hesabu za wateja wake hutiwa sahihi na mhasibu mwingine, anayekuja kutoka Nairobi mara mbili kwa mwaka. Mitihani ya Lornah ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini miaka mitano ile ya kazi haihesabiwi, hata siku moja.

"Wahasibu wa mji huu walijua?" Lornah aliuliza.

"Sisi wote tunajua."

"Na hakuna mtu alituambia?"

Nabwire aliangalia meza. "Tulidhani mnajua. Si ni mtu yenu?"

Habari ilipofika Awasi, Walter alikuja mwenyewe, na sukari na mkate. Alisema haya ni mambo ya nyumbani, yaishe nyumbani. Alisema kila mwaka alikusudia kuurudia ule mtihani, na kila mwaka aliona aibu watu wamwone amekaa na vijana kwenye chumba cha mtihani. Nadhani hapo alisema kweli. Lakini aibu yake ilikuwa imelipiwa na mtoto wa mwingine.

Joram aliangalia chini. Hata siku hiyo ukwe ulimfunga mdomo. Aliyesimama ni Dorca.

"Walter, mimi nilinyamazisha mzee yangu kwa sababu yako," alisema, na sauti yake haikupanda. "Aliuliza karatasi, nikamwambia anatukana ndugu yangu. Sasa ni mimi nauliza, na yeye anasikia. Cheti yako iko wapi?"

Chai ilipoa. Walter aliondoka bila kula, na katika nyumba ile kuondoka bila kula si jambo dogo. Joram alimsindikiza mpaka kwenye gari akamfungulia mlango, maana shemeji ni shemeji. Aliporudi alimkuta mkewe amekikunja kile kitambaa cha meza na kukiweka magotini, analia.

Lornah alihama kwa mjomba wake, akapanga chumba mtaa wa Nyalenda, hapo hapo Kisumu, akaamka mapema kupanga foleni ya maji na wenzake. Nabwire alikubali kumchukua, lakini kama mwanafunzi, kwa posho ya mwanafunzi, miaka mitatu kuanzia mwanzo. Lornah sasa alikuwa na miaka ishirini na minne. Wenzake wawili walikuwa wavulana waliotoka shule juzi tu, na mmoja wao alikuwa akimwamkia.

Asubuhi ya kwanza Nabwire alimpa kitabu kipya, kijani vile vile. Lornah hakukifungua. Alisimama, kitabu mkononi.

"Mama, kabla sijaanza, naomba kuona kibali yako."

Mashine ya chapa kwenye kona ilinyamaza. Wale wavulana walitazamana. Nabwire aliinuka, akaenda ukutani, akaitoa fremu kwenye msumari, akaipangusa kwa mkono wa gauni, akaiweka mikononi mwa Lornah.

"Soma yote," alisema. "Halafu namba uandike mwenyewe."

Lornah aliisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya mpiga chapa huko chini kabisa. Kisha akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika namba.

FUNZO

Lornah alipata kibali chake mwaka 1996, akiwa na miaka ishirini na saba. Anyango wakati huo alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Namshukuru Mungu kwa mwisho huo, lakini siuiti mwema, kwa sababu miaka mitano ya msichana haikurudi.

Wazazi wenzangu, undugu ni kitu kikubwa, nami siwaambii muuvunje. Nawaambia msiutumie kuwafunika macho watoto wenu. Heshima ya ukweni inamhusu mkwe, na maisha yanayowekwa rehani ni ya mtoto. Ninyi mnaofundisha vijana kazi, tieni sahihi Ijumaa, msingoje mwaka wa tano. Ninyi mnaojua na kunyamaza kwa kuwa mhusika si mtu wenu, mmo katika kosa hili pia, kama Nabwire mwenyewe alivyokuwamo na alivyokiri baadaye.

Na wewe kijana unayekwenda kujifunza kazi kwa mtu, awe mjomba, awe mzee wa kanisa, omba kuona karatasi yake siku ya kwanza. Mwenye nayo atakutolea. Asiye nayo atakasirika, na hasira yake hiyo ndiyo jibu lako.