Picha za Dereva wa Treni

Kila alasiri aliporudi kutoka shuleni, Injinia alivua viatu, akaosha vyombo, kisha akakimbilia kwenye kompyuta yake kuukuu. Injinia halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama yake alianza kumwita hivyo kwa utani siku alipomkuta ameifungua redio ili aone mtangazaji amekaa wapi. Jina likamganda.

Kompyuta hiyo alipewa na mjomba wake, fundi wa kompyuta. Wenzake walipenda michezo, lakini yeye alipenda kujaribu mifumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Alipakua mfumo mpya, akauchunguza kwa siku kadhaa, kisha akaufuta na kuweka mwingine. Kuna uliowaka upesi ajabu, na kuna uliokuwa na maandishi madogo kama mchanga. Mmoja ulikataa kabisa kutoa sauti. Alihangaika nao mpaka mama akamuuliza, "Hiyo kompyuta ndiyo itakayokupikia leo?"

Jumamosi moja, toleo jipya la mfumo aliokuwa akiusubiri kwa hamu likatoka. Alijaribu kuliwasha, lakini kompyuta yake iliganda, ikavuma kama inayokoroma, ikazimika. Ilikuwa imezeeka mno.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa studio ya picha ya mama, na humo mlikuwa na kompyuta yenye nguvu. Injinia aliruhusiwa kuitumia kwa kazi za shule tu. Siku hiyo mama alikuwa amekwenda kupiga picha kwenye mahafali ya chuo.

"Nitaujaribu ukiwa kwenye flashi tu, bila kuuweka ndani ya kompyuta," Injinia alijiambia. "Sitagusa kitu cha mama."

Mfumo ulifunguka vizuri, rangi zake ziking'aa. Alipoona kitufe cha kuuweka moja kwa moja, alidhani utakaa kando ya ule wa mama bila kuudhuru. Akabofya "Endelea". Akabofya tena. Ukurasa mmoja ulikuwa na maandishi mekundu, marefu. Hakuyasoma. Akabofya "Endelea".

Kompyuta ilipojiwasha upya, ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Alitafuta folda ya picha za mama huku, akatafuta kule. Haikuwepo. Akaizima kompyuta, akaketi akiwa ameshika kichwa.

Si kwamba picha zote zilikuwa na uzito sawa. Wiki iliyopita alikuja dereva mstaafu wa treni pamoja na mkewe na watoto wao wote. Watoto hao walikuwa wametawanyika, kila mmoja nchi yake, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kukutana. Sasa walikuwa wamekwisha kuondoka. Mzee angekuja kuchukua picha zake Jumatatu.

Mama aliingia na mkoba wa kamera begani, amechoka lakini anacheka.

"Nisogezee kiti, mwanangu, nihamishe picha hizi. Halafu jirani anasema umeme ulikuwa ukichezacheza leo. Natumaini haujaniunguzia kompyuta."

Uongo ulikuwa umeletwa mpaka mlangoni, Injinia angeitikia tu. Umeme usingejitetea. Mama aliinama kubonyeza kitufe cha kuwashia.

"Mama, usiiwashe!" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Si umeme. Ni mimi. Nimejaribu mfumo mpya humo. Picha zako zote zimefutika."

Mama aliuondoa mkono kwenye kitufe. Kisha akaketi taratibu.

"Hata za yule mzee?"

"Hata zake."

"Na kadi ya kamera iliyokuwa nazo nimeshaifuta, ndiyo niliyotumia leo," mama alinong'ona. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Injinia kuliko kelele. Baadaye akachukua simu. "Ngoja tumpigie mjomba wako."

Mjomba alifika na bisibisi zake, akaichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta yake mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba," Injinia alisema, macho chini.

"Marahaba, mharibifu. Kuna kilichoandikwa humu tangu uzifute picha?"

"Hapana. Nilizima."

"Basi bado kuna tumaini. Kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, kinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kama ungenyamaza, mama yako angehamisha picha za mahafali humu, na za mzee zingezikwa. Ukweli wako umewahi."

Programu ya kuokoa picha ilifanya kazi muda mrefu. Picha zilirudi bila majina na bila mpangilio, maharusi wamechanganyika na watoto wachanga. Nyingine zilikuwa nusu, upande mmoja kijivu. Jumapili nzima Injinia alizipitia moja moja, macho yakimwasha. Alipata ya mke wa yule mzee akicheka. Akapata ya watoto. Jioni ikajitokeza ile ya familia yote, nzima, kila uso mahali pake.

"Mama! Njoo!"

Mama alimkumbatia, kisha akasema, "Zile ambazo mzee alipigwa akiwa peke yake zimepotea kabisa. Hilo utamweleza wewe."

Jumatatu, baada ya shule, Injinia alisimama mbele ya dereva mstaafu na kumweleza yote, ulimi mzito, bila kuficha. Mzee aliichukua picha ya familia. Akapitisha kidole juu ya kila uso.

"Ya kwangu peke yangu si neno," alisema hatimaye. "Mama yako atanipiga nyingine, nami bado sijazeeka sana."

"Na hii sitakutoza, mzee wangu," mama alisema. "Hata mimi nilikosea kutoweka nakala mahali pengine."

Mzee alimgeukia Injinia.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Injini mpya zilipoletwa, mimi ndiye niliyezijaribu. Nilipenda kazi ile, na wewe usiache yako. Lakini tulizijaribu kwenye njia tupu, bila abiria hata mmoja. Na breki ikikataa, tulisema palepale, hata kama kosa lilikuwa letu. Aliyeficha hitilafu hakupewa tena treni."

"Nimesikia, babu."

"Basi mimi ningekupa treni," alisema mzee, akaketi kwenye kiti cha kupigia picha na kunyoosha kola ya shati lake.

Mama alimkabidhi Injinia taa. "Ishike hapo," alisema, "na usiitikise."